Kufuli bado lina kazi yake
Makala moja niliyosoma inadai kwamba kulifunga sanduku la safari kwa kufuli ni kazi bure, kwa kuwa zipu hupasuliwa kwa ncha ya kalamu na kurudishwa ilivyokuwa bila kuacha alama. Ni kweli, tena picha za funguo kuu, yaani zile zinazofungua makufuli mengi, za makufuli yanayokubaliwa na wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani zilivuja, na mwaka 2015 watu wakazitengenezea nakala kwa printa za 3D, zinazounda vitu halisi. Hata hivyo nitaendelea kufunga, kwa sababu kufuli humchelewesha mdokozi mwenye haraka na, jambo linalonitia hofu zaidi, humzuia mtu kupenyeza kwa urahisi kitu kisicho changu ndani ya mzigo wangu. Dawa, fedha na pasipoti hukaa kwenye mkoba ninaoingia nao ndani ya ndege.