Kura Huombwa Barazani

Katika uchaguzi wa Agosti 2022, zaidi ya nusu ya wapiga kura walioandikishwa Mombasa hawakufika vituoni, na kura ya ugavana yenyewe ikaahirishwa hadi tarehe 29 kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za kupigia kura. Wengi hulaumu uchovu wa wananchi. Mimi naulaumu pia utaratibu wa kampeni zetu, kwa kuwa niliuona kwa ndani.

Mwaka huo nilijitolea kumsaidia mgombea wa uwakilishi wadi huku Kisauni. Siku ya kwanza tulipewa fulana, tukapakiwa kwenye tuktuk zenye vipaza sauti, tukazungushwa Mishomoroni mpaka magharibi. Hatukupewa jina la mpiga kura hata mmoja. Nilipouliza tumezungumza na watu wangapi, msimamizi wetu alinionyesha picha za umati uwanjani, umati ambao baadhi yao niliwajua, maana asubuhi yake walikuwa wamemshangilia mpinzani.

Mwaka 1998, Alan Gerber na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio lililohusu wapiga kura wapatao 30,000 mjini New Haven, Marekani. Waliotembelewa nyumbani walijitokeza zaidi kwa kiasi kikubwa. Barua zilisaidia kidogo tu, na simu hazikuonekana kufaa kitu. Mombasa si New Haven, lakini kama hodi ya mgeni ilifaa kule, sembuse hapa kwetu, ambapo mtu akishatoa salamu husogezewa mkeka?

Hesabu yake haitishi. Sheria yetu inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo. Watu kumi wa kujitolea wakigawana kituo kimoja, kila mmoja atakuwa na majina 70, naye akizungumza na saba kila jioni baada ya Alasiri, atamaliza kwa siku kumi na kupata nafasi ya kurudi. Huko kurudi ndiko kwenye kazi. Mara ya pili haombi kura tena, bali anauliza mambo madogo: je, bado umeandikishwa Majengo ulikokuwa ukikaa zamani? Utakwenda saa ngapi, na mtoto utamwachia nani? Mama anayeuza mboga Kongowea akishasema kwa kinywa chake kwamba atapitia kituoni kabla ya kufungua meza, basi amekwisha kujipangia safari.

Na hao kumi hawapatikani kwa tangazo. Huombwa mmoja mmoja, na mtu wanayemjua, kwa sababu inayoeleweka: wewe akina mama wa chama cha akiba wanakusikiliza, wewe vijana wa maskani hawakubishii. Wapo wasemao kwamba kijana asiye na kazi hawezi kujitolea bure, na hilo ni kweli. Kivuko cha Likoni hakimtozi mwenda kwa miguu, lakini matatu inamtoza. Apewe nauli na chai bila kuona haya. Kumlipia nauli mfanyakazi wa kampeni si sawa na kumhonga mpiga kura, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inalikataza.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Daftari langu lina majina 41 ya mtaani kwetu, na jirani wa mlango wa nne ameniambia bado hajajiandikisha. Nitarudi kwake Ijumaa.