Shilingi 39 na hukumu ya kifo

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1713 ilisema atakayeiba ndani ya nyumba ya mtu mali ya shilingi 40 au zaidi atanyongwa. Majopo ya raia yaliyoketi kuamua kesi hizo yakapata upenyo: yalitamka kwa kiapo kwamba mali iliyoibwa ilikuwa ya shilingi 39. Hariri, shilingi 39. Saa, shilingi 39. Zipo kesi ambazo kilichoibwa kilikuwa fedha taslimu, kitu ambacho thamani yake haina ubishi, na bado jopo likaandika 39.

Mwanzoni mwa karne ya 19 makosa ya kunyongwa nchini humo yalikuwa yamepita 200. Mwaka 1830 wenye benki, watu walioumizwa kuliko wote na waghushi wa noti na hundi, wakapeleka ombi bungeni: ondoeni adhabu ya kifo kwa kughushi, kwa maana washtakiwa wanaachiwa. Hawakusukumwa na huruma, walikuwa wakilinda mali yao. Kufikia 1837 kughushi hakukuwa tena kosa la kunyongwa.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila yanapotokea mauaji ya kutisha na watu kudai kamba. Mabishano huenda moja kwa moja kwenye swali la iwapo adhabu ya kifo inawatisha wauaji. Swali ni halali. Lakini kuna jingine linalotangulia, nalo huulizwa mara chache: adhabu hii inaifanya nini kesi yenyewe, tangu mtu anapokamatwa hadi jaji anapovunja kalamu?

Tulimalize la kutisha kwanza. Mwaka 1975 mwanauchumi Isaac Ehrlich alitoa hesabu kwamba kila hukumu ya kifo iliyotekelezwa Marekani iliokoa roho karibu 8. Hesabu hiyo ilitumika sana mahakamani na bungeni. Wenzake walipoirudia wakiacha takwimu za miaka ya mwisho ya 1960, matokeo yakayeyuka. Zikafuata tafiti nyingi, nyingine zikiona athari kubwa, nyingine hakuna. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilizipitia na kusema hazitoshi kueleza kama adhabu ya kifo inapunguza mauaji, inayaongeza au haiyagusi, na kwamba zisitumike kutungia sera. Sababu ni rahisi: wanaouawa na dola ni wachache mno ukilinganisha na mauaji, na mauaji hupanda na kushuka kwa mambo mengine mengi.

Ndiyo maana mifano ya nchi mojamoja haimalizi ubishi. Hong Kong ilinyonga mara ya mwisho 1966, ilhali Singapore ilinyonga watu zaidi ya 70 mwaka 1994 peke yake. Viwango vya mauaji vya miji hiyo miwili vimekwenda sambamba kwa miongo. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilifuta adhabu ya kifo Juni 1995, wakati mauaji yakiwa zaidi ya 60 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Yakashuka hadi karibu 30 kufikia 2011/12, halafu yakapanda tena hadi karibu 45 kufikia 2022/23. Anayepinga kitanzi atakuonyesha kushuka, anayekitaka atakuonyesha kupanda, na sheria ilikuwa ileile muda wote.

Wanaoitetea adhabu hii wana hoja nzito zaidi ya ile ya kutisha, na wapinzani wengi huzipita haraka.

Ya kwanza ni ya uwiano. Mtu aliyepanga, akaandaa silaha, akaua watoto mbele ya wazazi wao, anapewa chakula na kitanda kwa kodi ya hao hao wazazi. Mwaka 2011 nchini Norway mtu mmoja aliua watu 77 kwa siku moja na akapewa kifungo cha miaka 21, ingawa kinaweza kuongezwa kila kinapoisha iwapo bado ni hatari. Kuwaambia wafiwa kwamba uchungu wao ni kisasi tu ni dharau. Haki ya jinai imejengwa juu ya wazo kwamba adhabu ifanane na kosa, na asiyekubali wazo hilo kwa mauaji aeleze kwa nini analikubali kwa wizi.

Ya pili ni mfungwa wa maisha anayeua akiwa ndani. Askari magereza anajua maana yake: mtu huyo hana cha kupoteza. Jibu la kumtenga mfungwa peke yake kwenye seli miaka na miaka si jepesi kama linavyosemwa. Ni adhabu nyingine ya kinyama, tena ya gharama.

Ya tatu ni ya wananchi wenye hasira kali. Watu wakiamini kwamba jambazi ataingia mlango mmoja wa mahakama na kutokea mwingine, humalizana naye barabarani kwa mawe na tairi. Mtetezi wa kitanzi anasema afadhali dola iue kwa utaratibu kuliko kundi liue bila kumsikiliza mtu. Hoja ina nguvu, ila ina tundu: umati hauui kwa sababu kifungo cha maisha ni kidogo. Unaua kwa sababu hauamini kama kutakuwa na adhabu yoyote. Kinachokosekana hapo ni uhakika, na Cesare Beccaria, mwanafikra wa Italia aliyeandika kuhusu makosa na adhabu, alilisema hilo tangu 1764.

Ya nne ni ya ndani ya chumba cha mazungumzo kati ya waendesha mashtaka na mawakili. Mwaka 2003, katika jimbo la Washington, Gary Ridgway alikiri kuua wanawake 48 ili asihukumiwe kifo, akawaongoza wapelelezi hadi ilikokuwa miili ambayo familia ziliitafuta miaka 20. Bila tishio la kifo pengine asingesema. Lakini tazama upande wa pili: katika jimbo hilo hilo, waliokuwa na damu ya mtu mmoja au wawili wakabaki gerezani wakisubiri kuuawa huku mwenye 48 akiishi. Jambo hilo lilibishaniwa hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikaifuta adhabu ya kifo kwa sababu ilikuwa ikitolewa kiholela na kwa ubaguzi wa rangi. Tena tishio linalomfanya muuaji aseme kweli ndilo linalomfanya asiye na hatia akiri kosa ili aokoe shingo.

Twende sasa kwenye kesi yenyewe. Kesi nyingi za unyang'anyi wa silaha husimama juu ya jicho la mtu. Usiku, watu wanavunja mlango, tochi inammulika mwenye nyumba usoni, dakika tano wameondoka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, iliweka maswali ambayo mahakama za chini zinapaswa kuyauliza kabla ya kuukubali ushahidi wa namna hiyo: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na wa nguvu kiasi gani, ilikuwa mchana au usiku, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Kusema "kulikuwa na mwanga wa taa" hakutoshi. Taa ilikuwa wapi? Ilimmulika nani?

Halafu linakuja gwaride la utambuzi. Mshtakiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, kimo na mavazi, achague mwenyewe pa kusimama, na shahidi asiwe amemwona tangu akamatwe. Linaharibika kwa mambo madogo. Shahidi amekaa kwenye benchi la kituo wakati mtuhumiwa anapitishwa na pingu. Wenzake wote wamevaa viatu, yeye yuko peku kwa kuwa ametoka mahabusu. Picha yake imeshazunguka kwenye simu. Shahidi anamgusa begani kwa uhakika kamili, na uhakika huo ni wa kweli, ila alichokitambua ni sura aliyoiona kituoni. Anaposimama kizimbani hasemi uongo, naye ndiye shahidi hatari kuliko mwongo, kwa sababu hakuna swali la wakili litakalomyumbisha. Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo Maryland mwaka 1985 baada ya mashahidi watano kumtambua. Mwaka 1993 vinasaba vilionyesha si yeye.

Kukiri kosa nako si ngome. Iwao Hakamada alikamatwa Japani mwaka 1966 kwa mauaji ya familia ya watu wanne, akahojiwa siku karibu 20, akakiri. Miezi 14 baada ya mauaji, kesi ikiwa inaendelea, zikapatikana nguo tano zenye damu ndani ya tangi la kiwanda cha kuchachushia soya alikokuwa akifanya kazi. Alihukumiwa kifo 1968. Alihukumiwa kifo 1968. Miongo baadaye majaribio yalionyesha kwamba damu iliyokaa ndani ya soya ile zaidi ya mwaka haiwezi kubaki na wekundu ulioonekana kwenye nguo. Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ilimwona hana hatia, ikasema ushahidi ulitengenezwa. Alikuwa na miaka 88.

Haya ni ya walionusurika. Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950; miaka mitatu baadaye ikamnyonga mpangaji mwenzake katika nyumba hiyo hiyo, John Christie, aliyebainika kuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, akiwa kaburini. Utafiti wa Samuel Gross na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba si chini ya asilimia 4 ya wanaohukumiwa kifo Marekani hawana hatia. Nchi ile ina maabara na mawakili kuliko nyingi duniani. Mtetezi anaweza kujibu kwamba hata kifungo cha maisha humfunga asiye na hatia, na ni kweli. Tofauti ni kwamba jalada lake linaweza kufunguliwa akiwa na mdomo wa kusema.

Tatizo linaongezeka sheria inapomfunga jaji mikono. Kenya, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifo kwa wizi wa mabavu, na kinatosheka na moja tu kati ya mambo matatu: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au ampige au kumjeruhi mtu. Kwa hiyo vijana wawili waliomnyang'anya mtu simu bila kisu wala kofi wanaingia kwenye kifungu kimoja na waliomuua mwenye simu. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kunyongwa kumebaki kwa mauaji ya kukusudia na uhaini. Montesquieu, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliliona hili mwaka 1748: pale adhabu ya mnyang'anyi inapolingana na ya muuaji, mnyang'anyi anamuua mtu aliyemwibia, kwani maiti haitoi ushahidi. Adhabu iliyokusudiwa kuwalinda watu inaweza hivyo kumpa jambazi sababu ya kuvuta kifyatulio. Na kwa miaka mingi mshtakiwa wa mauaji Kenya aliwekewa wakili na serikali, ilhali yule wa wizi wa mabavu, kesi yake ikiwa kwa hakimu, alijitetea mwenyewe ingawa kitanzi kilikuwa kilekile.

Mahakama zimeanza kulegeza fundo hilo. Malawi 2007, Uganda 2009 katika kesi ya Susan Kigula, na Mahakama ya Juu ya Kenya Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, zote zilikataa ulazima wa hukumu ya kifo, siyo hukumu yenyewe. Julai 2021 mahakama hiyo ya Kenya ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Tanzania, Mahakama Kuu ilisema mwaka 1994 kwamba adhabu hii inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 1995 kwamba ni ya kikatili lakini ikaibakiza kwa maslahi ya umma. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo wale wanaoitaka adhabu ya kifo na wale wasioitaka wangeweza kukutana bila mmoja kuacha imani yake. Anayeamini kwamba wako watu wanaostahili kufa hana sababu ya kutaka jaji azuiwe kumtofautisha mtu aliyekodi wauaji na mke aliyemuua mume aliyempiga miaka kumi. Tena aina hii ya sheria ndiyo inayozaa shilingi 39 za leo: shtaka la mauaji linageuzwa kuwa la kuua bila kukusudia kwa sababu hakuna anayetaka kubeba mzigo, na familia ya marehemu inaona mtu aliyekusudia kuua akitoka baada ya miaka michache.

Malawi ndiko jambo hilo, la kumwachia jaji nafasi ya kutofautisha, lilikojaribiwa kwa vitendo. Waliokuwa wamehukumiwa kifo chini ya sheria ya lazima walirudishwa mbele ya majaji kuanzia 2015 ili kila mmoja apimwe upya: umri wake siku ya tukio, akili yake, kama alikuwa kinara au mfuasi, alivyoishi gerezani. Zaidi ya 100 wakaachiwa, wengi wakiwa wameshatumikia miaka mingi kuliko waliyostahili. Kazi ilianza kwa kutafuta majalada ya kesi zao, na kwa wafungwa wengi halikupatikana hata karatasi moja iliyoonyesha walihukumiwa kwa ushahidi gani.