Sensa ya Githeri

Jumamosi ile ya Julai nilikuwa na kazi moja tu: kufika Kamulu saa nne nikiwa na shati jeupe, nikae kimya, wajomba wangu wazungumze mahari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi bosi akapiga simu. Mtambo wa kuchimba kwenye saiti ya Ruai unapiga kelele, eti oili ya haidroliki imechemka, injini imejipunguza nguvu yenyewe, na malori yamepanga foleni.

"Si ni njia yako hiyo," akasema. "Dakika kumi tu, fundi wangu."

Ilikuwa njia yangu kweli. Hapo ndipo aliponiweza.

Ovaroli ilikuwa kwa mama anayenifulia, kwa hiyo nikaazima koti la reflekta na kulivaa juu ya shati. Opareta, mzee tunayemwita Guka, aliniwashia mtambo. Skrini ikaandika nyuzi 120 na king'ora kikaanza. Nikaweka kiganja kwenye tangi: baridi kama geti la chuma alfajiri.

"Mtambo umelala nje usiku kucha, oili itachemka saa ngapi?" nikatangaza kwa sauti ya daktari bingwa. "Sensa ya joto imekufa."

Sasa, kuna jambo ambalo mimi mwenyewe huwafundisha vijana wa gereji. Sensa hizi za kupima joto, joto likipanda, ukinzani wake, yaani jinsi zinavyozuia umeme, hushuka. Kwa hiyo ukichomoa plagi ya sensa, umeme haupiti kabisa, kompyuta hudhani kuna baridi ya kuua, na namba huporomoka chini ya sifuri. Ikiporomoka, shida ni sensa. Ikibaki juu vilevile, kuna waya umechubuka na kugusa chuma, na sensa hata usiiguse. Ni kazi ya sekunde tano, bila spana.

Lakini mfukoni nilikuwa na sensa mpya, niliyonunua Kirinyaga Road kwa ajili ya mtambo mwingine, na ilikuwa inanikuna. Nikalala chini ya tangi na spana.

Tangi hizo hufungia hewa ndani, kwa hiyo kabla hujafungua chochote unabonyeza kifuniko cha juu ili hewa itoke. Hilo nalo nililikumbuka. Nililikumbuka wakati oili ilikuwa inaingia kwenye kola, ikapita kwapani, ikatokea kiunoni. Kidole nikakichomeka kwenye tundu kama mtu aliyekamata mwizi, sensa mpya ikiwa kwenye mkono wa pili, na simu ikaanza kulia kwenye mfuko wa suruali.

Guka, mtu wa msaada, akaichomoa na kuniwekea sikioni.

"Uko wapi? Wajomba zako wamefika!"

"Mama, nimekwama kidogo na sensa."

"Sensa? Sensa si ilikuwa 2019? Nani tena anahesabu watu Jumamosi?"

"Mama, si hiyo..."

"Waambie wewe umeshahesabiwa, uje!"

Nikafunga sensa mpya na kupanda juu. Guka akawasha. Nyuzi 120.

Nikarudi kufuata waya, hatua ambayo ingekuwa ya kwanza. Nyuma ya pampu, pale panapopata joto zuri, palikuwa na kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa waya wa nondo kwenye bomba la oili. Waya huo wa nondo ulipita juu ya waya wa sensa, na kila mtambo ulipotikisika ulikuwa unaukereza kama msumeno. Plastiki ilikuwa imekwisha. Shaba ilikuwa inang'aa, imelalia chuma.

"Guka, hii nini?"

"Githeri. Usimwage, kijana."

"Na umeanza lini kupashia hapa?"

"Alhamisi."

"Na taa ya skrini?"

Akafikiri. "Nayo Alhamisi." Alisema hivyo bila kuona uhusiano wowote.

Nikauzungushia waya tepu, nikausogeza mbali na bomba. Namba ikashuka mpaka 17. Kopo nilimrudishia mwenyewe mkononi.

Kamulu nilifika saa saba. Nilipovua koti, ndipo nilipoona kazi yote: kifua cheupe kabisa, chenye umbo kamili la reflekta, na mikono, kola na mgongo vya rangi ya chai ya rangi. Shangazi alinitandikia gazeti kabla sijakaa. Wajomba wakaangalia dari. Mzee mwenye nyumba akanusa mara mbili, akainuka, akaniita nje.

Nikajua yamekwisha.

"Hiyo ni oili ya haidroliki," akasema taratibu. "Wewe ni fundi?"

"Ndiyo, baba."

Akaangalia mlangoni kama kuna anayesikia. "Kuna trekta hapa nyuma. Taa ya joto haizimi tangu juzi."

Basi mahari yangu ilipatanwa ndani, mimi nikiwa chini ya trekta. Ila safari hii, kabla ya kushika spana, niliuliza nani anapashia chakula wapi.