Maneno Makubwa Unayajua, Madogo Yanakupiga Chenga

Orodha za maneno ya Kiingereza cha biashara na teknolojia zimejaa mtandaoni, na karibu zote zinafanana: "revenue", "stakeholder", "algorithm", "bandwidth", kila neno na maana yake pembeni. Watu wanazipakua, wanazikariri, wanajipongeza. Mimi naona zinawapotezea muda, hasa wale ambao tayari wako kazini na shida yao ni kuongea kwenye kikao bila kubaki wametumbua macho.

Maneno ya kitaalamu ndiyo mepesi kuliko yote. Anayefanya kazi na seva hahitaji kufundishwa "server", analitamka kutwa nzima. Mhasibu alishalijua "invoice" kabla hajaweza kuunga sentensi mbili za Kiingereza. Neno la aina hiyo mara nyingi lina maana moja tu, na usipolijua unalitafuta na kulipata papo hapo. Linalosumbua ni lile ulilofundishwa shule ya msingi ukadhani mmemalizana.

Nimewahi kumwona mtaalamu wa programu, mtu anayeweza kukueleza muundo wa hifadhidata kwa Kiingereza bila kukwama, akiulizwa na meneja kwenye mkutano wa video: "Where are we on this?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba yeye yuko nyumbani. Hapakuwa na neno hata moja pale asilolijua. Meneja alitaka kujua kazi imefikia wapi, basi.

Ukichunguza vikao vya kazi utaona vinaendeshwa na vitenzi vifupi vinavyobadilika sura kila vikipewa mkia. "Roll out" ni kuwapelekea watumiaji toleo jipya, "roll back" ni kulitoa na kurudisha la zamani. Tofauti ni mkia tu, lakini ukisikia vibaya unaweza kuzima kilichotakiwa kuwashwa. "Push back" ndiyo kichaa zaidi. Mkutano ukiwa "pushed back" umeahirishwa, ila ukiambiwa mteja "pushed back", yeye ndiye aliyepinga ulichompelekea. Na "take this offline", ambayo watu wa mitandao huisikia wakashtuka, haihusu intaneti kabisa: mtu anaomba jambo hilo mkalizungumze baadaye, nje ya kikao.

Kuna mahali ambapo hata wenye lugha hawaelewani. Wanasaikolojia wamewahi kuwapa wazungumzaji wazawa wa Kiingereza sentensi inayosema kikao cha Jumatano kimesogezwa "forward" siku mbili, wakawauliza kitafanyika lini. Wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Winston Churchill naye alisimulia jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya "table". Kwa Waingereza, "to table" waraka ni kuuleta mezani ujadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuuweka kando. Pande zote mbili zilitaka jambo lilelile, na bado zikavutana. Sasa wewe unayejifunza ukubwani unajilaumu kwa lipi?

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba mtu asitafute makuu, maneno machache yanatosha. Mfaransa Jean-Paul Nerrière, aliyekuwa kigogo wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliliona hilo kazini: watu ambao Kiingereza si lugha yao walielewana wao kwa wao vizuri kuliko walivyoelewana na wazawa. Akapendekeza Kiingereza chepesi cha maneno 1,500, akakiita Globish. Kwa upande wa kuongea nakubaliana naye. Sentensi fupi yenye maneno ya kawaida inafika mbali, na anayesema "use" haonekani mdogo kuliko anayesema "leverage" kwa maana ileile ya kutumia. Kwangu huyo wa pili ndiye anayechosha.

Ila kikao kina masikio pia. Unaweza kuchagua maneno unayoyasema, lakini huwezi kumchagulia mwenzako ya kwake. Paul Nation, mtafiti wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kufuata mazungumzo ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno kati ya 6,000 na 7,000, yaani neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja. Linganisha na 1,500. Ndiyo maana ningemwambia anayeanza agawe juhudi zake bila usawa: aongee kwa machache, asikilize kwa mengi. Dakika ishirini za kusikiliza watu wakijadili mradi, wakikatizana na kubadili mawazo, zina faida kuliko kurasa tatu za orodha.

Halafu kuna adabu, na hapa ndipo ninapoona watu wazuri wakiumia. Mwenzako akiandika "I have some concerns", usidhani ana wasiwasi mdogo, huenda amekataa. Akisema "it might be worth checking", amekwambia ukague. Sisi tunaijua michezo hii kwa lugha yetu, mtu akikwambia "tutaona" unajua jibu umeshapewa. Lakini kwa Kiingereza tunashika maana ya juujuu, tunaendelea na kazi, na wiki inayofuata tunashangaa kwa nini bosi amekasirika. Hakuna orodha inayokufundisha hilo, kwa sababu "some" na "might" haziingii kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kama ni lazima ukariri, kariri sentensi. Barua pepe za kazini kwako ni hazina: chukua sentensi nzima aliyoiandika mwenzako, toa kitenzi, uache pengo, kesho jaribu kulijaza. Utagundua kwamba "deadline" hutembea na "meet" au "miss", kwamba "issue" huwa "raised" na "order" huwa "placed". Ukijua "deadline" peke yake, utaishia kutafsiri kitenzi kutoka kichwani na msikilizaji atabaki anakisia. Kisha irudie sentensi hiyo baada ya siku kadhaa, na tena baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza, na marudio yenye nafasi katikati ndiyo dawa iliyodumu.

Tarakimu nazo zisikupite. "Fifteen" na "fifty" kwenye simu yenye mkwaruzo ni sauti moja, kwa hiyo kwenye bei sema tarakimu mojamoja: "one five". "Biweekly" inaweza kuwa mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili, achana nayo kabisa. Na 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza, tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Waandishi wa programu wameshaponea kwenye ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, inayotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwenye barua pepe kwa mteja, andika mwezi kwa jina.