Chiang Mai siku tatu, kamba za viatu zimeniua

Jamani kama kuna mtu anapanga kwenda Thailand kutembea mi nina ushauri mmoja tu, usivae viatu vya kamba. Nauli utakopa, kadi ya homa ya manjano wataikagua palepale uwanja wa ndege kabla hata ya foleni ya pasipoti (usiifiche chini ya begi kama mimi, nilifungua begi zima mbele za watu mpaka bukta zikapata hewa), hayo yote yanapita. Lakini kamba za viatu ndugu zangu, acheni.

Ilikuwa hivi. Mi nafuata mzigo Guangzhou mara moja mbili kwa mwaka, mabegi ya shule, siyo mambo makubwa. Safari hii Mama Salma akasema anakuja na yeye na wakati wa kurudi tutapita Thailand tupumzike siku tatu kama watu, kwa sababu miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumpeleka popote zaidi ya Bagamoyo, na Bagamoyo yenyewe tulienda msibani. Sasa hapo unajibu nini. Bangkok akaikataa, kaona kwenye simu huko kaskazini milimani kuna mji unaitwa Chiang Mai, ulianzishwa 1296 na mfalme Mangrai, una mfereji wa maji umeuzunguka na mahekalu ya Kibudha kila ukikohoa. Nikavaa buti zangu za safari, zile za kamba mpaka kwenye fundo la mguu, nikijua naenda mlimani. Laiti ningejua.

Siku ya kwanza Doi Suthep, hekalu liko juu ya mlima huko, kilomita kama kumi na tano kutoka mjini. Usafiri ni pikapu nyekundu zina mabenchi mawili mnakaa mnatazamana, wenyewe wanaziita songthaew, maana yake mistari miwili. Mi nikacheka, nikamwambia mke wangu hii si chai maharage hii, tumepanda hizi Dar miaka ya tisini, leo nimekata tiketi ya ndege kuja kupanda chai maharage tena! Akaniambia Baba Salma kaa kimya watu wanapiga picha. Barabara yenyewe kona tupu, tukaambiwa ilichimbwa 1934 kuingia 1935, mtawa mmoja anaitwa Khruba Siwichai aliita watu wakaja na majembe yao wakaimaliza kwa miezi kama sita, hela ya serikali hamna. Miezi sita! Mlimani! Barabara ya mtaani kwetu ina mwaka wa nne inasubiri kokoto.

Mnashuka mnadhani mmefika, kumbe bado ngazi, mia tatu na ushee, pembeni majoka mawili ya magamba ya vigae yamelala toka juu mpaka chini yanakuangalia unavyohema. Kuna kijitreni cha kupandisha watu, hela kidogo tu, lakini Mama Salma akasema tukipanda hicho tutakuwa tumekuja kufanya nini. Sasa kuna hadithi yao, zamani karne ya kumi na nne walikuwa na mfupa wa Buddha wakamfunga tembo mweupe mgongoni, wakamwachia aende atakako, akapanda mlima ule mpaka juu, akalia mara tatu, akafa, wakajenga hapohapo. Mi hadithi hii siipingi hata kidogo. Ngazi ya mia mbili nililia mara mbili, ya tatu nikaimeza kwa aibu kuna wazungu wazee walikuwa wananipita.

Juu sasa, vua viatu. Nikakaa chini nikafungua kamba, mguu wa kushoto fundo limekaza, nikatumia meno. Soksi ya kulia ina tundu, dole gumba liko nje linasalimia. Alafu dada wa mlangoni akaniangalia magoti, nilivaa kaptula, akanipa shuka nijifunge. Hapo angalau nilipata heshima yangu, maana watalii wengine walikuwa wanalizungusha lile shuka kama wanafunga mzigo, linadondoka, mi mtoto wa Pwani nikalikunja msuli mara moja pah, mpaka jamaa mmoja akaniomba nimfunge na yeye. Nikafunga watatu. Ningekaa pale ningefungua ofisi.

Ndani pazuri, siwezi kusema uongo, mnara wa dhahabu unawaka jua la saa sita mpaka unafumba macho, watu wanauzunguka mara tatu wameshika ua na ubani wanasema dua zao kimya kimya. Mi sikuwa nazunguka kwa ibada, mi nilikuwa natafuta kivuli, vile vigae vya chini ni kikaango. Na akili yote iko kwenye viatu nje. Mtu aliyeswali Ijumaa Kariakoo ananielewa, mwili uko kwenye safu, roho iko mlangoni inalinda. Kutoka nikavikuta vipo, hakuna aliyevigusa, nikaona hata vibaya kidogo, ina maana havina hadhi?

Siku ya pili tukachukua gari na gaidi (yule wa kutembeza wageni, siyo yule mwingine), kijana mpole Kiingereza chake kama changu kwa hiyo tulielewana sana. Asubuhi ya viwanda vya mikono barabara ya San Kamphaeng. Niwaambie siri ya viwanda hivi, mlango wa kuingilia ni karakana, mlango wa kutokea ni duka, na katikati hakuna mlango.

Bo Sang wanatengeneza miavuli ya karatasi, na hapa nilisimama kweli. Kuna bibi amekaa kwenye kigoda, fremu ya mianzi mbele yake imechongwa vijiti vyembamba kama vya mishkaki, anachovya mkono mzima kwenye gundi anapaka, analaza karatasi ya magome ya mforosadi, anaipapasa toka katikati kwenda nje anageuza anapapasa, hata haangalii, anaongea na mwenzake umbea wake. Dakika chache mwavuli. Mi nauza miavuli pia msimu wa masika, ile inayopinduka upepo wa kwanza pale kituo cha Fire Dar, nikamwangalia yule bibi nikaona aibu kimoyomoyo. Pembeni kuna wachoraji, nikanyoosha simu nimuulize mmoja bei ya mwavuli mdogo nimwandikie tarakimu, akadhani nataka kuchorewa, akaishika akageuza kava, brashi tap tap, maua ya pinki na kipepeo. Kabla sijasema hapana kashamaliza. Nikalipa. Sasa hivi Kariakoo naitwa Kipepeo na mizigo yote inakuja kwa jina hilo.

Hariri sitaki kuisimulia, minyoo wanakula majani, wanajifunga uzi wao, wanachemshwa, uzi unavutwa, mke wangu anatoka na mtandio. Risiti imeandikwa mwaka 2568. Nikasema hawa wananirusha, kumbe kalenda yao ya Kibudha iko mbele yetu miaka 543. Basi deni hilo ningelilipa mwaka huohuo.

Ila kilichoniua ni duka la vito. Tumeingizwa, hewa ya baridi, juisi, dada kapendeza anatoa kiboksi taratibu kama anafungua yai. Anasema hili jiwe linapatikana sehemu moja tu dunia nzima. Bluu, ukiligeuza lina zambarau. Nikamwambia dada, najua. Akaendelea tu, eti Afrika, karibu na mlima Kilimanjaro. Dada, naijua, Mererani, Simanjiro, limegunduliwa 1967, limepewa jina la nchi yangu mimi! Akacheka sana akafurahi, akasema basi nitakupa ofa. Ofa! Jiwe limetoka kwetu likiwa kama kipande cha chupa, limekatwa na kusuguliwa huku, mi nimetoka kwetu na buti zangu tumekutana hapa bei yake haisemeki. Mama Salma akalishika akaliangalia kwenye mwanga muda mrefu, kimya. Nikajifanya naumwa tumbo tukatoka.

Mchana tembo. Kambi ile hupandi mgongoni, unamlisha miwa na ndizi, alafu unamwogesha mtoni. Hela ya kiingilio kwa wawili sitaitaja kwa sababu Mama Salma kwao ni Doma, pale kabla ya Mikumi, mjomba wake anakesha shambani anapiga madebe kufukuza tembo wasimalize mahindi, sasa mjomba akisikia mkwe nimelipa hela niwalishe kwa mkono atanidai mahari upya. Na Mikumi kila mtu wa basi la Mbeya anawaona dirishani bure, wengine wamelala hawaamki hata kuangalia. Gaidi akaniuliza ushawahi kuona tembo, nikamwambia kidogo.

Lakini hawa siyo wa kwetu. Masikio madogo, mgongo umebinuka, na kwenye ncha ya mkonga kana kidole kamoja tu, wa kwetu wana viwili. Nilikaona kakinijia kiganjani, kamelowa, kana vinywele, kakagusa ndizi kakaiacha, kakaenda mfukoni kwangu ambako ndo kulikuwa na ndizi nyingi. Huyo alikuwa jike la miaka hamsini hivi, zamani walikuwa wanavuta magogo, 1989 serikali ikapiga marufuku kukata misitu ndo wakahamia utalii. Kwa hiyo kapunguzwa kazi kaingia biashara, kama mimi tu. Nikampa zote. Mtoni niliingia na buti, sikuwa na nguvu ya kufungua.

Palikuwa pia na sehemu ya kupiga picha umekumbatia chui milia. Nilikataa, mtu ana watoto.

Siku ya tatu ndege ni jioni, tukaenda Wat Chedi Luang katikati ya mji, mnara mkubwa wa matofali ambao tetemeko la 1545 liliangusha kichwa chake na mpaka leo uko hivyohivyo, tembo wa plasta wamejipanga ubavuni. Pembeni kuna kijumba cha nguzo ya mji, nguzo takatifu wanayoamini inaulinda mji, mlangoni bango, wanawake hawaruhusiwi. Mama Salma akalisoma mara mbili. Akasema sawa, nenda wewe uje uniambie. Nikavua buti, bado mbichi za mtoni, nikaingia, nikatoka, nikavaa. Umeona nini? Sanamu limesimama. Nguzo je? Sikuangalia vizuri. Kuta? Zimechorwa. Zimechorwa nini? Watu. Watu gani, wanafanya nini? Baba Salma, rudi.

Nikavua tena. Nikaangalia kila ukuta kama mkaguzi wa TRA. Kutoka nikakuta mbwa wa hekalu, wa njano, kazeeka, kaweka kidevu juu ya buti la kushoto na mguu ndani ya la kulia, anakoroma. Nikasema shii. Kimya. Mtawa mmoja kijana akapita, akaweka kidole mdomoni akatabasamu, akaonyesha kwa mkono nikae chini nisubiri.

Nikakaa. Dole gumba nje. Dereva anapiga honi getini, ndege saa kumi na mbili, Mama Salma anapiga picha huku akiuliza, enhe, na ukuta wa nyuma umechorwa nini?