Boriti za Acoma: kanisa la San Esteban del Rey ni la nani?

Juu ya mwamba wa Acoma, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, limesimama kanisa la misheni ambalo boriti zake zilitoka mbali. Mwamba huo umeinuka karibu mita 110 kutoka uwandani, kilele chake ni tambarare, na hakioti mti wa kujengea. Misonobari ilikatwa kwenye Mlima Taylor, ambao watu wa Acoma wanauita Kaweshtima, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, ikabebwa mabegani hadi chini ya genge, kisha ikapandishwa juu. Simulizi ya wenyeji inasema kwamba boriti hizo hazikuruhusiwa kugusa ardhi njiani. Mawe, maji na udongo wa kufyatulia matofali mabichi vilipanda kwa njia hiyohiyo, na hata udongo wa makaburi yaliyo mbele ya kanisa ulibebwa kutoka chini, kwa kuwa juu ya jabali hapachimbiki kaburi.

Kanisa hilo, San Esteban del Rey, lilijengwa kuanzia mwaka 1629 hadi karibu mwaka 1641, enzi ambayo Hispania ilitawala eneo hilo kutokea Mexico. Kuna wanaolitazama kama kilele cha imani na ufundi, jengo ambalo limedumu karibu karne nne kwa udongo na mbao. Wengine wanaliona kuwa ushahidi wa utumwa, jengo lililoinuliwa na watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Pande zote mbili zinategemea jambo lilelile, yaani zile boriti na mabega yaliyozibeba, na kwa sababu hiyo naona haitoshi kuchagua upande kwa hisia. Inabidi kuuliza kazi ile ilikuwa kazi ya namna gani, na matunda yake yamo mikononi mwa nani leo.

Hesabu haiwezi kuanza mwaka 1629. Inaanza mwaka 1598, Juan de Oñate alipoingia New Mexico akiwa gavana na kuvitaka vijiji vya Wapueblo, yaani wenyeji wa asili wa eneo hilo, Acoma wakiwa miongoni mwao, vikiri utii kwa mfalme wa Hispania. Mwezi Desemba mwaka huo mpwa wake, Juan de Zaldívar, alipanda Acoma na askari wake kutafuta chakula, wakati baridi ilikuwa imeshaanza na ghala la kila familia lilikuwa ndilo uhai wake. Ugomvi ukazuka, na Zaldívar akauawa pamoja na askari zaidi ya kumi. Januari 1599 ndugu yake, Vicente de Zaldívar, alirudi na askari wapatao 70 wenye mizinga. Baada ya siku tatu kijiji kilikuwa kimeteketezwa. Makadirio ya waliouawa yanafika watu 800, na wengine wapatao 500 walichukuliwa mateka. Mwezi uliofuata Oñate aliwahukumu. Wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe mguu mmoja na watumikishwe miaka 20. Vijana wa kiume kuanzia miaka 12, na wanawake vilevile, watumikishwe miaka 20. Watoto wadogo wakabidhiwe kwa mapadri na kwa Vicente de Zaldívar, na wasichana wapatao 60 wakapelekwa Mexico, wasirudi. Wanahistoria bado wanabishana kama kilichokatwa kilikuwa mguu mzima au vidole tu, lakini hukumu yenyewe imeandikwa na haina utata.

Tukijumlisha miaka 20 juu ya 1599 tunapata 1619, mwaka wa kumi kabla ya msingi wa kanisa. Kwa maana hiyo, waliobeba boriti walikuwa ama waliotumikia adhabu ile, ama watoto wao, ama waliotoroka na kukijenga upya kijiji. Sioni namna ya kulitaja neno “hiari” katika mazingira hayo bila kulipima kwa uangalifu mkubwa.

Wanaolitetea kanisa wana hoja zao, na zinastahili kusikilizwa kwa haki. Padri Juan Ramírez, Mfransisko (mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko) aliyekuja Acoma mwaka 1629, hakuja na jeshi. Hekaya maarufu inasema kwamba alipokuwa akipanda genge alimwokoa mtoto wa kike aliyeporomoka kutoka juu, na watu walipoona hivyo wakampokea. Hata ukiiondoa hekaya, inabaki kwamba aliishi kati ya watu hao kwa miaka mingi, na Acoma hawakumuua, ingawa walijua kuua. Watetezi hao wanakumbusha pia kwamba Hispania yenyewe haikuubariki ukatili wa Oñate: mwaka 1614 alihukumiwa mjini Mexico kwa makosa yakiwemo ukatili dhidi ya Acoma, akapigwa faini na kufukuzwa New Mexico asirudi tena. Isitoshe, mapadri waliingiza ngano, kondoo na miti ya matunda, vitu vilivyokuja kuwa sehemu ya maisha ya Wapueblo.

Hoja hizi ni za kweli, ila hazifiki mbali kama wenyewe wanavyodhani. Adhabu ya Oñate ilikuja miaka 15 baada ya tendo, na haikumrudisha nyumbani hata msichana mmoja kati ya wale waliopelekwa Mexico. Kuhusu Ramírez, padri anaweza kupanda mwambani bila upanga mkononi na bado upanga ukawa umemtangulia kwa miaka 30. Watu wa Acoma walijua nini humpata anayekataa, hawakuhitaji kukumbushwa. Upole wa mtu mmoja, hata ukiwa wa dhati, haubadilishi mfumo uliomleta.

Na mfumo huo haukukaa ukawa mpole. Mapadri na magavana walishindana muda wote wa karne ya 17 juu ya nani awatumikishe Wapueblo, kila upande ukimshtaki mwenzake kwa kuwanyonya. Mwaka 1661 kiongozi wa Wafransisko, Alonso de Posada, alipiga marufuku ngoma za kachina, roho zinazoheshimiwa katika dini ya jadi ya Wapueblo, na vinyago 1,600 hivi vikakusanywa na kuharibiwa. Mwaka 1675, baada ya miaka ya ukame, njaa na magonjwa, gavana aliwakamata viongozi 47 wa dini ya jadi. Baadhi wakanyongwa na wengine wakachapwa viboko hadharani, akiwemo Po'pay wa kijiji cha Ohkay Owingeh.

Po'pay huyo ndiye aliyeongoza uasi wa Agosti 1680. Mapadri 21 na Wahispania wengine wapatao 400 waliuawa, na waliosalia wakakimbilia kusini. Acoma nao walishiriki na kumuua padri wao. Lakini kanisa hawakulibomoa. Diego de Vargas alipofika mwaka 1692 kuirudisha nchi chini ya Hispania, alilikuta bado limesimama. Hilo ndilo fumbo lenye uzito kuliko yote katika historia ya jengo hili, na kila upande hulitumia kwa faida yake.

Fumbo hilo huonekana wazi zaidi tukiangalia vijiji vingine. Kule Pecos, kanisa kubwa lililokamilika miaka ya 1620 liliangushwa mwaka 1680, na ndani ya makazi ya mapadri wenyeji wakachimba kiva, chumba cha ibada za jadi. Kule Awatovi, katika nchi ya Wahopi, ambao nao ni Wapueblo, ukali ulifika mbali zaidi: wanakijiji walipowapokea tena mapadri, Wahopi wenzao walikishambulia kijiji hicho katika majira ya baridi ya mwaka 1700 kuingia 1701 na kukiangamiza kabisa. Wapueblo, kwa hiyo, hawakuwa watu walioshindwa kubomoa. Walipotaka kubomoa, walibomoa.

Basi kwa nini Acoma waliacha? Mtu anayelipenda kanisa atasema imani ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Hilo silikubali kirahisi, kwa sababu mtu aliyeota mizizi katika imani hamuui padri wake. Mwenye msimamo wa kinyume atasema ni sababu za matumizi tu: kuta nene, paa imara, chumba kikubwa, ngome ya kujikinga. Hilo lina nguvu zaidi, lakini halielezi kwa nini waliendelea kulitunza. Mimi nadhani jibu limo katika makaburi. Kufikia mwaka 1680 wazazi na mababu walikuwa wamezikwa chini ya sakafu ya kanisa na katika ule uwanja ulioletwa kapu kwa kapu kutoka bondeni. Jengo lilikuwa limeshaacha kuwa la Ramírez. Waliolibeba walikuwa wamelala ndani yake, na kulibomoa kungekuwa kuwabomoa wao. Haya ni makisio yangu, na nayatoa kama makisio, lakini yanapatana na yale ambayo watu wa Acoma walikuja kufanya baadaye.

Mfano mzuri ni kesi ya picha ya Mtakatifu Yosefu, ambayo kwangu mimi ni ushahidi mzito kuliko hekaya zote za Ramírez. Acoma walikuwa na picha ya mtakatifu huyo iliyosemwa kuwa zawadi ya mfalme wa Hispania, na waliiamini kuwa inaleta mvua. Majirani zao wa Laguna, wakiteswa na ukame, waliiazima, kisha wakakataa kuirudisha. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya New Mexico, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Marekani, na mwaka 1857 jaji Kirby Benedict akaamua kwamba picha ni mali ya Acoma. Wenyeji wanasimulia kwamba wajumbe waliotumwa kuichukua waliikuta njiani chini ya mti, kana kwamba mtakatifu alikuwa ameanza safari ya kurudi nyumbani bila kungoja.

Mpinzani atasema kwamba watu waliopigania picha hiyo walikuwa na zaidi ya karne mbili chini ya Kanisa, na kwamba kupenda kitu ulichofundishwa kwa nguvu hakuthibitishi uhuru. Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuipuuza. Ila ina kasoro moja: tukiifuata hadi mwisho, haitambakizia mtu wa Acoma hata chembe ya uamuzi wake. Kila anachokipenda kitahesabiwa kuwa ni jeraha, na mgeni aliyekuja kumtetea ndiye atakayemwambia kipi ni chake na kipi si chake. Padri Posada naye, alipovikusanya vile vinyago, aliamini kwamba anajua hivyo.

Dini ya jadi haikufa. Kiva za Acoma zimejengwa za pembe nne katikati ya safu za nyumba, na inaelezwa kwamba zilifanywa hivyo ili Mhispania asizitambue, na bado zinatumika. Sikukuu ya kanisa huadhimishwa tarehe 2 Septemba kwa misa na kwa ngoma za mavuno. Tarehe hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Stefano, mfalme wa Hungaria, katika kalenda ya zamani ya Roma. Roma iliihamishia tarehe 16 Agosti katika marekebisho ya mwaka 1969, lakini Acoma wameendelea na siku yao. Sijui kielelezo kingine kinachoonyesha vizuri hivyo ni nani mwenye kauli pale juu. Mgeni anapanda kwa kuongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kupiga picha ndani ya kanisa wala makaburini. Katika ukuta wa makaburi ataonyeshwa tundu, na ataelezwa kwamba liliachwa ili roho za wale watoto waliopelekwa Mexico zipate pa kupitia zikirudi.

Tundu hilo linawajibu wale wanaodhani kwamba kulipenda kanisa ni kuyasahau ya mwaka 1599. Katika majira ya baridi ya mwaka 1997 kuingia 1998, sanamu ya shaba ya Oñate iliyosimamishwa karibu na Española ilikatwa mguu wa kulia na watu wasiojulikana, na mwaka 2020 mamlaka za eneo hilo ziliiondoa kabisa katikati ya maandamano. Kuna waliouliza ni haki gani hiyo, sanamu iondolewe na kanisa la utawala uleule litengenezwe paa. Lakini sanamu ilisimamishwa na watu wengine ili kumsifu aliyetoa hukumu, wakati kanisa lilijengwa na mikono ya waliohukumiwa, na wajukuu wao wamelala mbele ya mlango wake. Kuviweka viwili hivyo kwenye mizani moja ni kusahau nani alibeba nini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kiko upande wa utunzaji. Tangu mwaka 1970 jengo limetambuliwa na serikali ya Marekani kama alama ya kihistoria ya taifa, na mwaka 2007 likaingia katika orodha ya maeneo ya shirika la National Trust for Historic Preservation, likibaki mali ya Acoma wenyewe. Utambuzi wa namna hiyo huleta fedha na wataalamu, na jengo la udongo halikai mwaka bila mkarabati. Lakini huleta pia mazoea ya kulizungumza kanisa kama hazina ya taifa zima, na lugha hiyo huanza taratibu kuwafuta wenye nyumba. Ukarabati mkubwa wa miaka ya 1920 ulihusisha mbunifu majengo John Gaw Meem na kamati ya wapenda makanisa ya kale kutoka nje ya Acoma, ila kazi ya mikono ilifanywa na watu wa Acoma, wakipandisha vifaa kwenye genge lilelile. Safari hiyo hapakuwa na gavana aliyewaamuru, na juu ya paa walilokuwa wakilitengeneza zilikuwepo bado boriti kutoka Kaweshtima.