Sato, tyubu na hesabu za kwenye kadibodi

Kwa kuwa jamaa yangu ameshaisambaza hadithi ya tenga langu la sato kwenye magrupu yote, na kwa mdomo wake eti nililia, acheni niseme mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa barafu la samaki limenirukia machoni.

Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, juzi. Tenga la sato kilo 30, kipaimara cha binti wa shangazi. Boda anafunga kwa mipira ya tyubu, anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mimi, mwenye diploma yangu ya mekanika (nyamazeni), nikamwambia, "Kaka, unaichosha bure. Ngoja nikupigie hesabu." Nikachana kadibodi: upana milimita 20, unene 2, eneo 40. Ugumu wa raba megapaskali 1.2. Ukivuta urefu uwe mara mbili, kila kipande kinabana kwa nguvu ya nyutoni 48. Vinne, 192. "Mara mbili inatosha!" Mama wa dagaa pembeni akaniita profesa, nami nikaitikia.

Kumbe hiyo ni kanuni ya Hooke, ya vitu vinavyovutika kiduchu kama chuma. Raba ikirefuka mara mbili inakonda, eneo linabaki nusu. Hesabu yake ni 0.4 (theluthi ya ule ugumu wa 1.2) × (2 − 1/4) × 40, yaani nyutoni 28. Vinne, 112. Nimeikumbuka saa nane usiku, bado nanuka sato.

Basi. Niko boda ya nyuma. Tuta la kwanza: tenga likaruka, likarudi. Nikapumua. Tuta la pili: mipira ikarefuka taratiiibu, kama mtu anayepiga miayo. Tenga likainama kushoto. Likasita, kama linanihurumia. Sato mmoja akachungulia. Nikamwona jicho, naye akaniona. Nikanyoosha mkono, sijui nilitaka kumdaka au kumuaga. Halafu wakashuka wote, foleni, na barafu lao, mpaka miguuni pa korongo wawili waliosimama kama wazee wa baraza. Mmoja akameza sato mzimamzima huku ananitazama usoni. Hakuharakisha hata.

Tukaokota, tukaosha, nikalipia waliopungua, tukafika. Boda alifunga upya, akavuta mara tatu, hakuniuliza kitu.

Shangazi kauliza moja tu: "Mwanangu, kile chuo ulimaliza kweli?"

Na kadibodi yangu ndiyo picha ya grupu la familia sasa hivi. Anayejua kuitoa anifuate pembeni.